Maji Yatie Kostiki

Bi Sikujua binti Feruzi alikuwa amezikwa Ujiji, mwaka wa pili huu, lakini mikono yake ilikuwa kazini. Asubuhi ile ilikuwa Songea, kwa fundi baiskeli aliyechoka na grisi. Ilikuwa Mombasa, kwa mwalimu mstaafu. Ilikuwa Maskati na Lubumbashi, na hata katika makazi ya mwezini, ambako mtu anaruhusiwa kutengeneza mshumaa ila haruhusiwi kuuwasha. Wote hao walichovya utambi kwenye nta kwa pamoja, wakaunyanyua kwa pamoja, kisha wakatikisa kifundo cha mkono kidogo kudondosha tone la mwisho. Hakuna aliyejua kwa nini anatikisa. Marehemu ndivyo alivyokuwa akitikisa, basi nao wakatikisa.

Kilichowezesha hayo kiliitwa mikonopacha. Kwa kuitazama tu ilikuwa jozi ya glavu nyembamba za kijivu zinazofika kwenye viwiko. Lakini ndani ya kitambaa chake zilipita nyuzimisuli, nyuzi laini zinazojikunja na kujinyoosha kwa umeme kama msuli wa binadamu, na mwanafunzi akishazivaa zilimchukua mikono na kuipeleka zilikotaka. Fundi alirekodiwa akiwa amevaa jozi yake. Baada ya hapo dunia nzima iliweza kumvaa yeye. Kampuni ya Fundipacha ya Kigoma ilijenga ghorofa la vioo kwa biashara hiyo, likitazamana na kituo cha treni ya sumaku, na juu kabisa ndiko walikokaa wapangaji wa masomo.

Mmoja wao alikuwa Mwavita, binti mdogo wa Bi Sikujua.

Kazi yake ilikuwa kupanga: somo lipi litangulie, lipi lifuate, mwanafunzi atumiwe vifaa gani nyumbani, atazame nini kabla hajashika kitu. Mishumaa kabla ya sabuni. Mshumaa wa kuchovya kabla ya ule wa kumimina kwenye kalibu. Aliifanya vizuri kazi hiyo, na watu wa Kasingirima, mtaa aliokulia, walimsema vibaya kwa kuifanya. Walisema anakula kwenye sahani iliyomuua mama yake. Mwavita aliwaacha waseme. Alikuwa na shughuli yake mle ndani, na shughuli yenyewe ilikuwa kumwangusha mkuu wa kampuni, Hamduni Mrisho, aanguke mbele za watu na asiinuke tena.

Hamduni hakuwa mgeni kwao. Alikulia nyumba ya jirani, akala ugali na migebuka jikoni kwa Bi Sikujua, akimwita mama. Alipokwenda kusoma ughaibuni na kurudi na mashine yake, alimfuata yeye kwanza, kwa kuwa Kigoma nzima haikuwa na mtu wa kumshinda kwa mishumaa ya nta ya nyuki na sabuni ya mawese. Bi Sikujua alikubali kwa furaha, akaona mtoto wake amerudi na heri. Alivaa glavu miezi mingi, akimimina na kukoroga, na akikitaja kwa sauti kila anachokifanya, maana ndivyo alivyoelekezwa.

Binti yake mkubwa, Asumini, akawa mwanafunzi wa kwanza wa majaribio. Siku ya somo la sabuni mikonopacha ilimchukua mikono na kumimina maji juu ya kostiki.

Yeyote aliyewahi kutengeneza sabuni anaujua mwiko huo. Kostiki ni ile dawa kali nyeupe inayogeuza mafuta yakawa sabuni. Unaichota kidogo kidogo na kuitia kwenye maji mengi, nayo inachemka kwa adabu. Ukigeuza mambo, ukamwaga maji juu yake, inaruka. Iliruka ikamwingia Asumini machoni. Mwanafunzi aliweza kuisimamisha mashine kwa neno moja tu, "acha", lakini mtu anayeungua hatafuti neno alilofundishwa. Asumini aliita mama, akaita tena mama, na mashine haikuwa na habari na neno hilo. Iliendelea kumimina hadi jagi likaisha.

Mbele ya baraza la uchunguzi Hamduni aliapa kwamba mashine yake haijawahi kukosea. Alisema Asumini aliugeuza mkono mwenyewe kwa woga. Alisema yeye ni mtu wa mashine, hajui hata kipi hutiwa kwenye kipi katika sabuni, basi angewezaje kuficha kosa asilolijua? Baraza likamwamini, na faili likafungwa. Asumini akarudi nyumbani akishikwa mkono, haoni hata mwanga wa dirisha.

Bi Sikujua hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikaa tu akiitazama mikono yake. "Mikono yangu hii imemchoma mwanangu," alisema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Akakataa kula kwa mkono wake, ikabidi alishwe kwa kijiko kama mtoto, na akafa hivyo hivyo, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemfanya mwanawe kipofu. Hamduni alikuja msibani na gunia la mchele, akalia kuwapita wafiwa. Haukupita muda akampa Mwavita kazi, na watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri.

Kosa lenyewe Mwavita alilisikia kwa masikio yake akiwa kazini, siku alipopewa sauti za mama yake azipange kwa masomo. Alikuwa amejikaza asilie. Sauti ikasema, "Tia maji kostiki. Taratibu mwanangu, usiisogelee sana," na Mwavita akasahau kulia.

Maana mikonopacha haikuwa kanda ya kurudia tu. Jikoni kwa kila mwanafunzi jagi liko mahali pake na bakuli mahali pake, kwa hiyo akiliunde, ile akili ya mashine iliyoiongoza, ilichukua vitu viwili. Katika mikono ya fundi ilichukua namna ya kumimina. Katika maneno yake ilichukua kipi kiende wapi. Akiliunde hiyo ilifundishwa Kiswahili huko ughaibuni, tena harakaharaka, na katika kutia ilijua kanuni moja: kinachotajwa kwanza ndicho kinachotiwa. Tia maji kwenye ndoo. Tia mafuta kwenye sufuria. Ukimwambia mtoto wa Ujiji atie chai sukari, hatamimina chai kwenye mkebe wa sukari. Mashine ingemimina. Mama alisema tia maji kostiki, na kila mwenye ulimi wa Kiswahili anajua kwamba kostiki ndiyo inayoyafuata maji. Mashine iliyabeba maji ikayapeleka kwenye kostiki, kwenye uso wa Asumini.

Mwavita alibeba jozi ya glavu hadi nyumbani, akaweka jagi la maji na bakuli la chumvi ya Uvinza mahali pa kostiki, akajaribu. Mikono ilichota chumvi ikaitia kwenye maji, sawasawa kabisa. Akajaribu tena, sawasawa. Alikaa akashangaa, kisha akachukua sauti nyingine, ya siku nyingine, ambapo mama alisema jambo lile lile kwa maneno yaliyopinduka kidogo tu: "Maji yatie kostiki." Glavu zikanyanyua jagi na kuyamwaga maji yote juu ya chumvi.

Hapo ndipo alipoelewa. Kuna mtu alikuwa ameweka kiraka. Hakuifundisha mashine Kiswahili, kazi hiyo ingechukua muda na ingeleta maswali. Aliirekebishia sentensi moja tu, ile iliyomchoma Asumini. Kama waliweka kiraka, basi tundu waliliona. Hamduni alijua. Alijua alipoapa, alijua alipoubeba mchele msibani, na alimwacha Bi Sikujua afe akiilaani mikono yake mwenyewe wakati neno moja lingemponya.

Aliwaza kwenda kwa wakaguzi. Akaona watakavyomzungusha, na mafundi watakavyokitafutia kiraka jina jingine, na Hamduni atakavyotoa kitambaa na kujifuta jasho. Hapana. Mwavita alitaka kumwona uso. Tangu siku hiyo alipanga masomo ya msimu mpya kwa namna ambayo hakuna mpangaji mwingine angeipanga.

Na sasa, asubuhi hii, mishumaa ya majaribio ilipokuwa ikining'inizwa ikauke Songea na Maskati, Hamduni mwenyewe aliingia, akasimama mbele ya ukutapicha ambamo nyuso za wanafunzi zilikuwa zimepangwa safu kwa safu.

"Umeona, mdogo wangu?" alisema. "Mama yetu hafi."

"Naona, mkuu," alisema Mwavita. "Nilikuwa nakusubiri tuzungumze habari ya uzinduzi."

"Sema."

"Nimepanga wanafunzi waanze na mishumaa. Siku ya uzinduzi sabuni wataitazama tu, glavu zao hazitaunganishwa na somo hilo, na kostiki hatujamtumia mtu yeyote. Wakishaiona inavyofanyika salama, ndipo watakapotaka wenyewe."

"Umefikiri vizuri. Nani ataionyesha?"

"Nilidhani wewe."

Hamduni akacheka. "Mimi na sabuni wapi na wapi?"

"Ndiyo maana yake. Akionyesha fundi, watasema ni ufundi wake. Ukionyesha wewe ambaye hujui, nani atabaki na shaka? Na yale maneno ya chini chini juu ya dada Asumini yatakwisha siku hiyo hiyo." Akainamisha kichwa kidogo. "Na mimi ndugu yake nikiwa nimesimama pembeni yako."

Hamduni hakuwa mjinga. "Somo ni lile lile?" aliuliza.

"La mama, lile lile."

Alishuka kwa mafundi wa mitambo, na Mwavita alijua anakwenda kufanya nini. Alikwenda kuijaribu ile sentensi aliyoizoea. Aliporudi alikuwa anatabasamu, amefungua kifungo cha juu cha shati.

"Sawa," alisema. "Nitaonyesha mimi."

Jioni hiyo Mwavita aliingia nyumbani na mkebe ndani ya mfuko. Asumini alikuwa amekaa mkekani, amevaa mikonopacha, mikono yake ikielea mbele yake ikichovya utambi usiokuwepo kwenye nta isiyokuwepo. Kila siku baada ya alasiri alifanya hivyo. Hakuwa anajifunza, kuchovya alikujua tangu utotoni. Bi Sikujua alikuwa na tabia, akiingojea nta ishike, ya kusugua kiganja kimoja kwa kingine polepole, kama alivyowasugua wao wakiwa na homa. Hayo nayo yalirekodiwa. Asumini alikuwa akipafuata hapo. Mikono ilipokutana na kuanza kusuguana, uso wake ulilainika na midomo ikatulia, na Mwavita akasubiri mlangoni hadi ilipoachana.

"Umebeba nini?" Asumini aliuliza. "Nasikia mkebe."

"Kostiki."

"Ya nini?"

Mwavita akamweleza yote. Asumini alisikiliza bila kumkatiza, akizivua glavu kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo unataka macho yake," alisema mwishowe.

"Nayataka, dada. Nimeyataka siku nyingi. Naamka nayo, nalala nayo."

"Nikayafanyie nini? Hayanitoshi."

"Sitaki kucheka, dada. Amekuunguza. Amemzika mama na uongo kifuani."

"Mimi nacheka? Nisikilize. Mtu akipofuka anaonewa huruma. Watu watamletea uji, watamshika mkono barabarani. Mimi sitaki aonewe huruma. Nataka macho yake yabaki mazima, aone watu wanavyomtazama mpaka afe." Akaupapasa mkebe, akausukuma upande wa ndugu yake. "Weka chumvi."

Hasira ya Mwavita haikutaka chumvi. Lakini aliyechomwa alikuwa Asumini, na mwenye kidonda ndiye mwenye neno.

"Nitaweka chumvi," alisema.

"Na jambo la pili." Asumini alizikunja glavu, akaziweka mapajani. "Hizi zinaletewa mikono ya mama kutoka kwenye mitambo yao. Hilo nalijua. Fanya utakavyo na Hamduni, lakini usininyang'anye mama."

"Namtaka yeye, dada. Mama haguswi."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Roboti za kuhudumia zilipita na sinia za juisi ya ukwaju. Ukutapicha wa mbele ulionyesha maelfu ya wanafunzi majumbani mwao, kila mmoja amevaa glavu zake, na mshumaa wake wa kwanza umesimama mbele yake, na wa mwezini na wake usiowashwa. Safu ya kwanza alikaa mkaguzi wa Mamlaka ya Mashine, mama mmoja mnene mpole aitwaye Tumsifu, ambaye ndiye aliyeliongoza baraza lililomwamini Hamduni. Mwavita ndiye aliyemwandikia mwaliko.

Hamduni alizungumza vizuri. Kuzungumza hakujawahi kumshinda. Alimtaja Bi Sikujua kwa jina, akasema mama huyu alimlisha, na leo anailisha dunia. Watu walipiga makofi. Akavaa glavu. Mezani palikuwa na jagi la maji na bakuli kubwa la kioo lenye unga mweupe, na bakuli lilibandikwa karatasi yenye neno la hatari kwa herufi nyekundu. Mwavita akamletea miwani ya kujikinga.

"Ya nini?" alisema Hamduni kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Mashine hii haikosei."

Watu wakacheka. Mwavita akairudisha miwani mfukoni, akasogea pembeni, mahali ambapo angeuona uso wote. Moyo wake ulikuwa na furaha, furaha mbaya kabisa, naye hakuionea haya.

Sauti ya Bi Sikujua ikaujaza ukumbi, yenye mkwaruzo wake mdogo wa moshi wa jikoni. "Haya wanangu, tuanze. Maji yatie kostiki. Taratibu."

Hamduni aliinua kichwa. Sentensi hiyo haikuwa ile aliyoijaribu. Alifungua mdomo kuuliza, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeshalishika jagi. Alijaribu kuuvuta, na watu walioketi mbele waliona bega lake likinyanyuka na mkono usimfuate. Jagi likasafiri taratibu, kwa utulivu ule ule wa Bi Sikujua, likainama juu ya bakuli chini ya kidevu chake.

Hapo akapiga kelele. "Imerudia tena! Imerudia tena! Si niliwaambia muirekebishe? Si mlisema mmeirekebisha nyie?" Uso ulimtoka jasho, akaugeuza kando na kuyafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayeogeshwa. Maji yalikuwa yameshaanza kumwagika alipolikumbuka neno. "Acha. Acha. Acha."

Mikonopacha ikaacha. Maji yalikuwa yametulia juu ya unga mweupe. Hakuna kilichoruka, hakuna kilichochemka. Roboti za juisi zilisikika zikivuma.

Mwavita akatoka pembeni, akachovya kidole ndani ya bakuli, akakiramba mbele ya kila mtu.

"Chumvi ya Uvinza, mkuu," alisema. "Haimuumizi mtu."

Hamduni alifumbua macho. Alimtazama Mwavita, akalitazama bakuli, kisha akautazama ukumbi, na Mwavita akauona uso ule aliokuwa akiungoja. Ulikuwa umelegea kama tambi iliyozidi maji. Alikuwa akijaribu kutabasamu na tabasamu lilikuwa halimshiki.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi si mdogo wako."

Tumsifu alikuwa ameshasimama. Hakupandisha sauti. "Bwana Hamduni, umesema tena," alisema. "Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Hamduni aliwatazama mafundi wake. Tumsifu akawauliza wao, na fundi wa kwanza aliyeulizwa, kijana aliyekuwa ameubeba mzigo huo kwa muda mrefu, akaeleza kiraka chote pale pale bila kusubiri kuulizwa mara ya pili. Aliyatamka hata maneno ya Bi Sikujua yaliyozibwa. Watu wa Kasingirima waliokuja kutazama walianza kunong'ona, kisha hawakunong'ona tena. Bibi mmoja aliyemwosha marehemu alipanda jukwaani, akamsogelea Hamduni, akamwambia, "Alikufa hawezi hata kuinawa ile mikono," akashuka. Hamduni alitolewa nje katikati ya watu wale wale waliomkuza, akiwa bado amevaa glavu, na macho yake yakiwa mazima, akiona kila mmoja anavyomtazama.

Mwavita alitaka siku hiyo isiishe.

Sheria ya Mashine ilikuwa wazi, na Tumsifu aliisoma palepale kwa sauti. Akiliunde iliyomjeruhi mtu, na mmiliki wake akaficha, hufutwa yote, popote ilipo, pamoja na kila ilichojifunza. Akatoa amri. Kwenye ukutapicha mikono ya wanafunzi ililegea, safu moja baada ya nyingine, Songea, Mombasa, Lubumbashi, na ya mwisho ikawa ya mwezini, kwa kuwa habari huchelewa kidogo kufika huko. Watu walipiga makofi. Mwavita naye alipiga, kwa nguvu kuliko wote. Kuna kitu kilimgusa kidogo moyoni alipoiona mikono ile ikishuka. Hakutaka kukisikiliza, na kelele zilikuwa nyingi.

Alikwenda nyumbani kwa miguu. Mtaani waliomsema walitoka milangoni kumpa mkono; mmoja alimpa mkungu wa ndizi. Aliingia ndani akiwa na habari nzima mdomoni.

"Dada, tumempata."

Asumini alikuwa mkekani. Mwavita akamsimulia akiwa amesimama, jagi, jasho, makelele, kuramba chumvi, hata swali la Tumsifu alilirudia kwa sauti yake. Asumini alicheka alipofika kwenye chumvi. Alicheka kweli, kwa tumbo, kicheko ambacho hakikusikika nyumba ile tangu alipoungua.

"Basi mama kasafishwa," alisema.

"Kasafishwa. Mtaa mzima unajua haikuwa mikono yake."

"Alhamdulillahi." Asumini akajifuta pua kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa na shughuli. Ilikuwa imelala mapajani mwake, viganja juu, ndani ya glavu za kijivu. "Hebu niangalizie hapa. Nimevaa tangu adhana ya alasiri, mama hajaja. Labda umeme."

Mwavita alizitazama glavu. Hakukuwa na haja ya kuangalia umeme. Alikuwa ameisoma sheria ile alipoanza kazi, kila mpangaji anaisoma, na alikuwa amesimama pale akisikia Tumsifu akiisoma upya, neno kwa neno, na akapiga makofi.

Taratibu Asumini akaanza kuelewa, na Mwavita aliona kuelewa kule kukishuka usoni mwake hadi kwenye mabega.

"Wameifuta," alisema Asumini.

"Yote. Sheria ndiyo inavyotaka."

"Uliniahidi."

"Nilisahau, dada."

"Hukusahau. Siku zote hizi unapanga kipi kitangulie kipi kifuate, usahau hilo?"

Ilikuwa kweli. Kuna mahali, wakati akipanga, Mwavita aliliona jambo hilo, akaligeuzia uso, kwa kuwa kulitazama kungemlazimisha kumwacha Hamduni.

Asumini alizivua glavu, kidole kimoja kimoja kama kawaida yake, akaziweka juu ya mkeka na kuzilainisha kwa kiganja. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

"Hamduni alinichukulia macho," alisema. "Nilibaki na mama. Sasa na wewe nikufanye nini, Mwavita?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Mwavita alipiga magoti, akainyoosha mikono yake mbele ya dada yake, mikono laini ya mtu wa ofisini ambayo haikuwahi kuchovya utambi hata mmoja, maana yeye ndiye aliyetoroka jikoni kwenda kusoma. Aliinyoosha akaiacha hapo hewani. Asumini aliisikia ilipo, joto lake lilimfikia, lakini hakuishika.

Mlango ulikuwa wazi na upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuingia. Kwenye sufuria pembeni, nta ambayo leo Asumini aliiyeyusha kweli akimngoja mama yake ilikuwa imeshatanda utando wa juu.

"Nta inaganda," alisema Asumini. "Washa jiko."

Mwavita aliinuka, akaenda kuwasha jiko.